Kipande Kilichonyooka Mno

Ofisi ya usalama kazini iliniomba kurasa mbili kabla sijakabidhi funguo za maabara. Waliniambia niandike mambo muhimu niliyojifunza, ili wanaobaki wafaidike. Nikaziandika kwa Kiingereza kizuri, zenye vichwa vya habari na vinukta, wakanishukuru sana na kuziweka kwenye faili ambalo hata wao hawajui liko wapi. Kurasa hizi ni nyingine. Hizi nimeziandika kwa Kiswahili kwa ajili yenu vijana wetu mlioingia kwenye maabara za Texas, mnaoulizwa kila Jumapili kwa nini hamkusomea unesi kama watu wenye akili zao.

Swali hilo nalijua sana. Kwa miaka yote niliyoishi Irving, kando ya Dallas, kila nilipotaja kwamba kazi yangu ni ya eksirei, Mkenya mwenzangu alipandisha suruali na kunionyesha goti. Nimeonyeshwa magoti, mabega, na mara moja jino. Nikieleza kwamba mimi sipigi picha watu, napima tando za metali nyembamba kuliko ganda la kitunguu mara maelfu, mtu ananitazama kwa huruma, kisha ananiuliza kama sijafikiria kurudi shule. Mke wangu, Mama Nekesa, ni nesi. Yeye hajawahi kuulizwa.

Vyeo na mshahara sitavigusa. Vya kwanza sikupata vya kusimulia, na wa pili mwenye nyumba wangu anaujua kuliko mimi.

Nilianzia Houston. Kabla ya hapo nilipanga maboksi kwenye ghala moja la Mesquite kwa mwaka na ushee, shahada yangu ya fizikia ikiwa ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, ambako haikusumbuliwa na mtu yeyote, hasa mwajiri. Kampuni ya Houston ilipima mabomba ya visima vya mafuta; yalimulikwa kwa eksirei kuona kama chuma kimechoka. Aliyenipokea alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, Mkongo wa Lubumbashi, ambaye alikuwa akipima mawe ya shaba kwao kabla mimi sijajua kusoma. Wazungu walimwita Kal. Mimi nilimwita Papa Kalenga, naye aliniita mwana hata mvi zangu zilipokaribia kulingana na zake.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa tai. Papa Kalenga aliitazama ile tai kama anayetazama kidonda cha mtu mwingine, kisha akanipa kishikizo, kile kibao kidogo ambacho kitu cha kupimwa huwekwa juu yake. Hakikuwa na kitu.

"Pima hii," akasema.

"Lakini hakuna kitu, Papa."

"Njo ile nasema. Pima ile vide, ile haina kitu. Siku utajua vide iko namna gani, pale utaanza kujua kitu."

Basi nikapima utupu kutwa nzima. Kufikia jioni nilikuwa na grafu kumi na moja za hewa ya Houston, hewa ambayo kwa unyevu wake ingestahili kuletwa kwa bakuli na kijiko. Nilidhani mzee ananidhihaki. Niliporudi kwenye chumba nilichopanga nikafungua ile bahasha ya kaki na kuitazama shahada yangu, kuhakikisha kwamba bado inasema nilivyofikiri inasema. Nilikuwa na kiburi, na kiburi changu kilikuwa kimepigwa pasi vizuri kama shati.

Miaka kadhaa baadaye chuo kimoja kaskazini mwa Dallas kilimwita Papa Kalenga aendeshe maabara yao ya tando, na mwaka uliofuata akanivuta na mimi.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Unachukua kipande cha silikoni chenye ukubwa wa stempu, kinachong'aa kama kioo. Unakitia ndani ya mtungi wa chuma, unanyonya hewa yote kwa pampu, kisha unakinyeshea atomi za metali, kwetu sisi zilikuwa za tantali, tabaka juu ya tabaka. Huku utando ukikua, unaumulika kwa eksirei. Atomi zikikaa ovyo, miale hutawanyika ovyo. Zikijipanga kwa mistari, yaani zikiwa fuwele, miale hutoka kwa pamoja katika pembe maalumu, na grafu inainuka pale. Hicho ndicho kilele. Ni kama kuchungulia kanisani kutoka mlangoni: watu wakiwa wanasalimiana huoni mpango wowote, lakini wakishakaa kwenye mabenchi unaona safu.

Hapo kuna kanuni moja ambayo nawaomba muishike. Utando mwembamba hutoa kilele kipana, kilichovimba kama kichuguu. Safu zikiwa chache haziwezi kutoa kilele chembamba. Mkiona kilele kilichochongoka kama sindano, jueni kimetoka kwenye kitu kinene.

Vifaa vyetu viligharimu kiasi cha kumtoa mtu machozi, lakini kipande kilishikizwa kwenye kibao kwa udongo wa kuchezea watoto, ule wa rangi rangi, ulionunuliwa duka la vichezeo kule Garland. Papa Kalenga alipenda wa kijani. Alikuwa anaukanda kwa dole gumba, anakandamiza kipande juu yake, halafu, kila mara, bila kukosa, anakipinda kidogo upande. Ukingo wa kipande haukulingana kamwe na ukingo wa kishikizo. Kazi ya mtu mwenye uzoefu wa nusu karne ilionekana kama imefanywa na mtu aliyekuwa akikimbilia basi.

Mimi ni zao la bweni. Katika shule yangu ya upili kule Bungoma, vitanda vilikaguliwa kila asubuhi, na shuka ikipinda kwa upana wa kidole ulifagia uwanja mzima kabla ya uji. Baada ya miaka minne ya hayo, mtu hawezi tena kuona kitu kimekaa upogo akanyamaza. Papa Kalenga alipotoka kwenda kunywa chai, nilikisogeza kile kipande kwa ncha ya kidole mpaka kikanyooka. Aliporudi, alikipinda tena bila neno. Tuliishi hivyo kwa miaka, kama mume na mke wasiopatana juu ya dirisha.

Siku moja alichoka. Alinishika mkono nikiwa katikati ya kunyoosha.

"Weye, mwana, kila siku unanyoosha nyoosha kama unapanga assiettes, masahani ya bibi harusi. Sikia. Ukiiweka droit, ya kunyooka hivi, silicium nayo ita..."

"Najua, Papa," nikasema.

Sikujua. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimechoka kufundishwa. Akauachia mkono wangu, akasema, "Ah, bon. Kama unajua." Hakulirudia tena neno hilo, wala mimi sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na shahada ndani ya bahasha ya kaki.

Alistaafu, akarudi Houston kukaa na binti yake. Jumatatu iliyofuata nilinyoosha kila kipande katika maabara ile. Nilijisikia kama mtoto ambaye mwalimu wa zamu amesafiri. Miaka miwili baadaye tulimzika huko Houston, mvua ikinyesha kama kawaida ya mji ule, na nikatoa hotuba nzuri kuhusu jinsi alivyonifundisha kila ninachokijua.

Kwa miaka kadhaa unyoofu wangu haukumdhuru mtu. Miaka hiyo tulikuwa tumehamia kukuza tando juu ya kioo badala ya silikoni, na kioo hakina safu ndani yake. Ukikipinda ama ukikinyoosha, kwake ni mamoja. Kisha akaja Yvette.

Yvette ni binti wa Kirundi, alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, akafika Garland akiwa na miaka tisa. Mama yake alifanya kazi kwenye maghala ya Mesquite, pengine kwenye rafu zile zile nilizoziacha mimi. Alikuja kwetu kusomea udaktari wa falsafa, na alifanya kazi kama mtu anayejua kwamba hatapewa nafasi ya pili. Profesa wetu, Mtexas mpole mwenye viatu vya wachunga ng'ombe, alimpa swali: utando wa tantali huanza kujipanga ukiwa na unene gani? Turudi kwenye silikoni, akasema, ya boksi lile la zamani alilolitumia Papa Kalenga. Yvette aliendesha mtungi. Kuweka vipande kwenye kishikizo ilikuwa kazi yangu, na nilivinyoosha kwa rula.

Wiki ya pili nilisikia mtu akikimbia kwenye korido.

"Uncle! Uncle, kuja uone! The peak iko hapo, from the very first minute!"

"Dakika ya kwanza? Utando una unene gani?"

"Hata five nanometers haijafika. And it's already in rows! Uncle, nobody has ever seen this."

Nikakitazama kile kilele kwenye skrini, kwenye pembe ya nyuzi thelathini na tatu. Kilikuwa sindano. Utando ulikuwa haujazaliwa sawasawa na tayari una meno thelathini na mawili.

"Umepima silikoni tupu?" nikamuuliza.

"Tunayo already. Iko kwa file ya Papa Kalenga, same box. Clean kabisa."

Ilikuwa kweli. Kwenye faili palikuwa na grafu ya silikoni tupu iliyopimwa na Papa Kalenga mwenyewe, na pale kwenye nyuzi thelathini na tatu palikuwa tambarare kama barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Nani angebishana na Papa Kalenga? Profesa alikuja, akatazama, akapiga mluzi. Kilele kilikuwa chini kidogo ya pembe ambapo tantali hutoa chake, lakini Profesa alisema hiyo ni kwa sababu utando una mkazo, umebanwa na silikoni iliyo chini yake. Katika kazi hii nimeona mkazo ukieleza kila kitu isipokuwa talaka. Nilitaka kuuliza, sasa mbona kilele ni chembamba hivi? Nikafungua mdomo.

Hapo Profesa akafanya kosa la kuwa mwema. Aliniwekea mkono begani, akasema kwamba safari hii jina langu litaandikwa kwenye makala, la tatu, baada ya Yvette na yeye, kwa sababu kazi ya mikono yangu ndiyo iliyowezesha haya. Nikafunga mdomo.

Naomba mnielewe. Kwa robo karne nilikuwa nimewapimia watu tando zao, na jina langu lilikuwa limeishia kwenye vibandiko vya chupa za kusafishia. Nililitaka jina hilo. Nililitaka kama mtoto anavyotaka kiatu cha Krismasi. Jumapili mchungaji alilitangaza mimbarini, kwamba ndugu yetu Wafula amegundua jambo katika sayansi. Watu wakapiga makofi, na baada ya ibada mama mmoja akanionyesha goti.

Basi nikanyamaza miezi miwili. Nilijiambia kwamba mimi ni fundi tu, wenye elimu wameona, wameridhika. Nilijiambia kwamba labda tantali ina siri zake. Kila asubuhi nilikanda udongo, nikanyoosha kipande, na sindano ikatokea, tena na tena, kwa uaminifu ambao tando halisi hazina. Yvette aliandika sura nzima ya tasnifu juu yake. Siku ya kuitetea mbele ya maprofesa ikapangwa. Kampuni moja ikamwahidi kazi akishafaulu. Mama yake akamwomba padri Misa ya shukrani na kununua vitenge vya sare kwa ukoo mzima, na ukoo wa Kirundi ukisema mzima, ni mzima kweli.

Aliyenipasua jipu ni mke wangu. Ijumaa jioni tulikuwa tunarudi kutoka maombi ya kanisani, yeye akiendesha, na foleni ya magari ilikuwa imesimama.

"Baba Nekesa, ni nini? Miezi miwili unakula kama mgonjwa. Talk to me."

Nikamweleza. Nilitumia maneno mengi: mkazo, pembe, pengine, labda. Alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kwa hivyo unashuku iko na kosa, na kosa inaweza kuwa yako."

"Nashuku tu."

"Na haujaambia mtu."

"Nilikuwa nangoja nihakikishe."

"Unangoja nini? Sisi manesi, ukishuku umepeana dose wrong, una-report saa hiyo hiyo. Hungoji mgonjwa aanze kutetemeka ndio uhakikishe. Unaandika incident report na jina lako juu, halafu unarudi kumwangalia patient."

"Mama Nekesa, mimi sina mgonjwa. Nina kipande cha silikoni."

"Uko na mgonjwa," akasema. "Anaitwa Yvette. Na wewe unangoja uone jina yako kwa karatasi."

Niligeukia dirishani. Foleni nayo haikusogea, maana Dallas haijawahi kumsaidia mtu kukimbia mazungumzo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda maabara peke yangu. Sikuwasha mtungi, sikugusa tantali. Nilichukua silikoni tupu kutoka boksi lile, nikainyoosha kwa rula kama kawaida, nikaimulika. Sindano hiyo hapo, nyuzi thelathini na tatu, ndefu na nzuri, bila chembe ya tantali. Kisha nikachukua udongo wa kijani, nikakanda kwa dole gumba, nikaweka kile kile kipande na kukipinda kidogo upande, kama mtu anayekimbilia basi. Nikamulika. Tambarare. Nikakinyoosha, sindano ikarudi. Nikakipinda, ikatoweka.

Silikoni ina safu zake yenyewe, na ni nene. Ukiinyoosha sambamba na miale, eksirei hurukaruka ndani yake mara mbili na kutokea kwenye pembe ambayo haikupaswa kutokea. Ukiipinda kidogo, inanyamaza, na hapo ndipo unaweza kuusikia utando. Ndiyo maana grafu ya Papa Kalenga ilikuwa tambarare, na hilo ndilo alilotaka kuniambia siku ile aliponishika mkono. Lilibaki neno moja au mawili, nami nikamkata. Nililia pale kwenye stuli. Naliandika hapa kwa sababu zile kurasa mbili za usalama hazikuwa na mahali pake.

Nilimpigia Yvette simu, akaja na nywele zake nusu zimesukwa. Nilimwonyesha. Aliniondoa kwenye stuli akafanya mwenyewe mara tatu, ananyoosha, anapinda, ananyoosha. Kisha akanigeukia.

"When did you know?"

"Leo ndiyo nimejua. Lakini nilishuku tangu siku ya kwanza. Kilikuwa chembamba mno."

"Siku ya kwanza? Uncle, I wrote a whole chapter! Mama amenunua vitenge! Ulikuwa unasimama hapo nyuma yangu, kila siku, na ukanyamaza?"

"Nilitaka jina langu liandikwe," nikamwambia. Nilikuwa nimejiandalia majibu mengine kwenye gari, mazuri kuliko hilo, lakini hayakutoka.

Alichukua mkoba wake akaenda. Hakunisemesha kwa mwezi na nusu, isipokuwa kwa kazi, na kwa kazi aliniita "Mr. Wafula," ambalo ni tusi zito kutoka kwa mtoto aliyezoea kukuita Uncle.

Jumatatu nilimwambia Profesa. Alitazama nje ya dirisha, kwenye maegesho, muda mrefu kuliko maegesho yanavyostahili. Kisha, na hili namtolea ushahidi popote, aliketi mbele yangu akaandika barua ya kuiondoa makala kabla haijachapishwa, na kosa akaliita letu, sio langu. Tarehe ya utetezi ikafutwa. Kampuni iliyoahidi kazi ilisema itaelewa, halafu ikaelewa kwa kumwajiri mtu mwingine.

Jioni hiyo nilikwenda Garland. Sikutaka Mama Yvette alisikie kwa wengine. Alinifungulia mlango, akaniamkia, akaniketisha kwenye kochi, kando ya vitenge vilivyokunjwa na kupangwa hadi kunifika begani. Nikamweleza kadiri nilivyoweza.

"Kwa hiyo mashine ilidanganya?" akauliza.

"Mashine haikudanganya, Mama Yvette. Mimi nilikiweka kipande vibaya, kisha nikashuku, kisha nikakaa kimya. Binti yako hana kosa."

Alivitazama vile vitenge.

"Na hivi nivifanyeje?"

"Viweke. Siku yake itafika."

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka kwa shukrani.

"Kambini walikuwa wanatuhesabu," akasema mwishowe. "Mnapanga foleni tangu asubuhi, jua linawachoma, halafu mtu anakuja anasema wamekosea hesabu, rudini nyuma muanze upya. Watu walilia. Wengine walitukana. Lakini aliyeondoka foleni hakupata chakula." Akainuka. "Yvette anajua kupanga foleni. Usimhurumie, msaidie. Sasa kula, maharage yapo."

Nilikula. Sijawahi kula maharage magumu kumeza kama yale, na hayakuwa na kasoro yoyote.

Ilichukua karibu mwaka. Tulipima upya kila kitu, na kila asubuhi tulianza na silikoni tupu. Yvette aligeuza kishikizo kwa nyuzi saba kutoka kwenye unyoofu, akaandika ukutani kwa kalamu nene: SABA. Ilibainika kwamba utando wa tantali hauna miujiza. Hukaa ovyo, ovyo, ovyo, mpaka ufike unene fulani, ndipo kichuguu kidogo kipana kinapoanza kuvimba, kwa aibu, kama mtu anayechelewa ibada. Siku tulipokiona kile kichuguu kwa mara ya kwanza, Yvette alikitazama sana.

"Ni kipana," akasema.

"Ni kipana."

"It's so ugly, Uncle."

Aliniita Uncle. Nilijifanya natafuta kibanio chini ya meza, nikakitafuta kwa muda.

Alifaulu. Vitenge vilivaliwa, Misa ikaimbwa kwa Kirundi na Kiswahili, na Profesa akacheza kwa viatu vyake vya ng'ombe, jambo ambalo ningependa kulisahau. Makala ikachapishwa, yenye habari ndogo na ya kweli. Kwenye nafasi ya tatu, ile niliyoitamani, Yvette ameandika P. Kalenga, marehemu. Mimi niko mwishoni kwenye shukrani, katikati ya fundi wa pampu na Mungu. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Niliumia, siwezi kusema sikuumia, lakini ni haki.

Wiki iliyopita nilikuwa na siku yangu ya mwisho. Anayechukua nafasi yangu anaitwa Mercy, Mkenya, mama wa watoto wawili, aliyemaliza chuo hapa hapa na ambaye mikono yake haitetemeki. Tayari nilikuwa nimevaa koti. Keki ilikuwa imekwisha, na Mama Nekesa alikuwa akiningoja kwenye gari. Mercy alikuwa ameandaa kipande cha kesho. Alikibandika kwenye udongo vizuri, akakisogeza kwa ncha ya kidole, akainama kukagua kwa jicho moja, akakisogeza tena mpaka ukingo ukalingana na ukingo. Huyo naye amesoma bweni, nikajua papo hapo.

"Mercy," nikasema, "hapo usikinyooshe. Ukikinyoosha, silikoni nayo ita..."

"Najua, Mzee," akasema, akitabasamu.

Nikavua koti, nikavuta stuli.